Ndege Mwenye Ufunguo

Jumapili, 5 Machi 1995

Jua kali, hakuna wingu. Mwalimu Ndindi, anayetufundisha Kiswahili na historia, ametaka kila msichana wa Kidato cha Pili aandike shajara mpaka masika yaishe, na kila siku ianze na hali ya anga. "Sheng ibaki midomoni mwa watu mnaowanukuu," alisema. "Ninyi wenyewe andikeni kama watu waliosoma." Nitajaribu.

Habari kubwa tuliyopewa darasani Ijumaa ni kwamba tarehe 13 Mei shule itafanya maonyesho katika ukumbi wa Kaloleni, hatua chache kutoka kwetu, kwa kuwa ni miaka hamsini tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe. Kila mmoja wetu alete kitu cha zamani kutoka nyumbani pamoja na kadi inayokitambulisha: kilitengenezwa wapi, kilikuwa cha kazi gani, nani alikitumia. "Sitaki ngano," alisema Mwalimu. "Nataka ushahidi." Wazee waliopigana vita watakaa kwenye benchi la mbele, na kila mmoja ataitwa kwa jina asimame watu wamwone.

Nilijua papo hapo nitakachopeleka. Miguu yangu ilicheza chini ya dawati mpaka kengele ikalia. Rafiki yangu Njoki akanipiga kiwiko: "Wewe vipi, umeingiliwa na siafu?"

Babu yangu ana vifungo vinane vya shaba ndani ya mkebe wa kakao. Alikuwa askari vitani, katika nchi ya Burma.

Jumatatu, 6 Machi

Joto. Nimempa Mwalimu jina la Babu: Mzee Andati. Ameliandika kwenye orodha ya benchi la mbele, kwa wino.

Jumatano, 8 Machi

Joto na vumbi. Babu amenipa mkebe bila maneno mengi. Vitano ni vikubwa, vitatu vidogo. Kila kimoja kina ndege mwenye shingo ndefu aliyesimama kwa mguu mmoja, ameshika ufunguo mdomoni, na chini ya mguu wake kuna kitu kama kamba fupi iliyosokotwa. Hakuna maandishi usoni. Kwenye viwili ndege amelika hata anaonekana kama yuko ndani ya ukungu.

Nilianza kukisugua kimoja kwa majivu na limau. Babu akanishika mkono.

"Si hivyo, Muhonja. Utamkata shingo."

Akachukua karatasi ngumu ya pakiti ya sabuni, akaikata mfereji katikati, akapitisha kitanzi cha kifungo humo. Akapumulia uso wa shaba, akausugua kwa kitambaa upande mmoja tu, polepole. Vidole vyake vina yabisi na kijiko humwanguka wakati mwingine, lakini kwa kazi hiyo havikutetemeka.

"Hivi nguo haichafuki," alisema. "Kila siku, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi."

Ndiyo nidhamu ya jeshi. Iko katika mambo yake yote. Mama, ambaye ni binti yake, hufanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, na akirudi amechoka Babu ndiye hutuletea chai. Ana miaka sabini na mmoja na haketi mpaka sote tuwe na vikombe. Huja upande wa kushoto, siku zote kushoto, na kikombe chake hakilii kikigusa meza. Majirani humcheka, mzee Mluhya kumwandalia binti yake chai. Mama huwaambia, "Mwacheni, ni askari huyo."

Alhamisi, 9 Machi

Joto. Hakuna la kuandika ila kwamba siwezi kukaa.

Ijumaa, 17 Machi

Mawingu upande wa Ngong, hayakufika. Mama alinituma sokoni Burma, soko la nyama la hapa kwetu, kununua matumbo. Pale Mzee Tobias anauza supu ya mifupa, na Mwalimu amemwandika wa kwanza katika orodha. Mguu wake wa kulia haukunjiki. Nikamwambia kwamba babu yangu pia alikuwa Burma.

"Burma hii ya nyama au ile nyingine?" Wateja wakacheka.

"Ile nyingine, mzee."

Akaweka upawa chini. "Mbona simjui? Sisi wote wa huku tunajuana. Alikuwa batalioni gani?"

Nilikimbia na matumbo yakidondoka maji kwenye viatu vyangu vya shule, nikamuuliza Babu. Akatazama dirishani.

"Mambo ya zamani hayo," alisema. "Angalia, huenda ikanyesha."

Haikunyesha.

Jumapili, 19 Machi

Mawingu. Tukitoka kanisani huwa tunazunguka ukuta wa uwanja wa mpira badala ya kukata katikati ya soko la Burma, ingawa njia ya soko ni fupi. Siku zote nilidhani Babu hapendi harufu ya nyama. Leo nilimwomba tupite sokoni. Alisema viatu vyake vitachafuka.

Jumatano, 22 Machi

Mvua! Imeanza saa tisa, tukiwa kwenye hesabu. Hakuna aliyesikia mwalimu anasema nini.

Jumamosi, 25 Machi

Mvua asubuhi, matope mchana. Njoki amenipeleka mtaa wa Mbotela kwa Fundi Mutisya, ambaye cherehani yake iko kwenye kibaraza cha duka. Zamani alishona sare miaka thelathini katika karakana ya Mhindi mmoja mjini: za polisi, za wazima moto, za mabawabu wa hoteli.

"Karibuni, wasomi. Sketi imepasuka?"

"Hapana, Fundi. Nataka kuvitambua vifungo."

"Kuvitambua!" Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Basi walete washtakiwa."

Nikavimwaga vyote vinane mezani, nikampa kimoja huku nikimwonyesha ndege. Hakumtazama. Alikigeuza.

"Mgongo kwanza. Ndege tutamfikia."

Nyuma kuna herufi ndogo zinazozunguka, jina la mtengenezaji na neno London. Nilikuwa nimekisugua kifungo hicho mara kumi na sikuwahi kukigeuza kusoma.

"Kizuri hiki. Kilipakwa dhahabu wakati wake. Sasa tia ukucha ndani ya kitanzi. Unahisi nini?"

"Laini."

"Laini kote?"

"Kote."

"Hapo ndipo penye kazi. Kifungo kikifungwa na kufunguliwa kila siku, uzi hukila kitanzi, unakuta upande mmoja umekuwa mwembamba kama uzi wenyewe. Hiki kitanzi kama kimetoka dukani leo. Lakini uso umesuguliwa mpaka ndege amekonda." Akakiinua kwenye mwanga. "Kimesuguliwa miaka, na hakijafunga kitu hata siku moja."

"Labda ni cha kofia?"

"Vinane? Na vitatu vidogo vya mikono?" Alicheka, lakini kwa upole. "Hivi ni vya kuonwa. Ni koti lenye mkia nyuma na wazi mbele. Nimeyashona makoti hayo, ya watu wanaofungua milango na kubeba sinia. Tena jeshini, msichana, kifungo huwa na taji, au namba, au herufi, ili ijulikane wewe ni wa nani. Huyu ndege ni wa nani?"

Nilimgeukia Njoki.

"Labda guka yako alikuwa soja wa siri," alisema Njoki, maana kwao babu ni guka. "Si hiyo ndiyo noma zaidi?"

Fundi hakucheka. Alinirudishia kifungo, akakunja vidole vyangu juu yake. "Muulize mwenyewe," alisema. "Lakini muulize mkiwa wawili."

Jumanne, 28 Machi

Mvua mchana kutwa. Nilikwenda maktaba ya Kaloleni baada ya shule. Msimamizi aliniambia nikae au nitoke, kwa sababu nilikuwa nazunguka rafu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwishowe nilipata kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye sura kuhusu nembo za koo za Uingereza. Kuna simba, mikono iliyoshika mapanga, ndege wa kila aina, na chini yao ile kamba yangu iliyosokotwa. Kitabu kinasema kamba hiyo hukaa chini ya nembo ya ukoo: mtu mmoja tajiri na watoto wake. Watu hao walitia nembo zao kwenye vijiko, kwenye milango ya magari ya farasi, na kwenye vifungo vya watumishi wao.

Watumishi. Nilifunga kitabu, kisha nikakifungua tena kuona kama neno bado liko.

Ndege wangu hakumo. Huenda ukoo wake haukuwa mkubwa sana. Hata hivyo sihitaji kumjua kwa jina.

Jumatano, 29 Machi

Mvua. Sijamwambia Mwalimu.

Alhamisi, 30 Machi

Mvua. Nimekuwa nikizikumbuka hadithi za Babu za vita, moja moja. Anajua kwamba ndege zilidondosha chakula upande wa Wajapani kimakosa. Anajua kwamba kanali mmoja alilia mbwa wake alipokufa, na kwamba mto Chindwin ulikuwa na rangi ya chai yenye maziwa. Lakini hajawahi kusema miguu iliuma. Hajawahi kusema "nililala" wala "nilikula". Husema tu "walisema". Kanali alisema, meja alisema. Nilidhani ni unyenyekevu.

Sijamwambia Mwalimu.

Ijumaa, 7 Aprili

Manyunyu. Shule imefungwa. Mwalimu alinisimamisha langoni: "Babu yako atakaa karibu na Mzee Tobias. Watakuwa na mengi." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikasema asante.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Babu amepiga pasi koti lake la kanisani, ingawa bado mwezi mzima. Ananyoosha mgongo akitembea. Amemwuliza Mama kama tai yake ya buluu bado ipo. Mama amefurahi hata ameimba akiosha vyombo. Mimi siwezi kukaa chumba kimoja naye. Nimefagia uani mara tatu, katika mvua.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Mvua kubwa; vigae viwili vinavuja na tumeweka sufuria chini. Nimefanya jambo baya, na nitaliandika lote.

Njoki alikuja kula nasi chapati. Mama alikuwa ameketi kwa mara ya kwanza wiki nzima, amevua viatu. Babu akaja na chai. Alimpa Mama kwanza, kushoto. Akampa Njoki, kushoto. Njoki ndiye atakayesoma majina ukumbini kwa kuwa ana sauti ya kuita watu hadi mtaa wa Buruburu, naye akasema:

"Guka, tuambie moja ya vita kabla hujawa staa."

Babu akatabasamu, akasimama nyuma ya kiti changu na kikombe changu mkononi, akaanza: "Siku moja kanali alisema..."

Nikaona. Nikamwona amesimama vile vile, nyuma ya kiti kingine, na ndege wanane kifuani na mikononi. Nikaona haya hata masikio yakawaka, na sijui kama haya hizo zilikuwa zake au zangu.

"Keti, Babu," nilisema. "Wewe si boi hapa."

Maji yakadondoka kwenye sufuria. Mama akasema, "Muhonja!" Njoki alitazama chapati yake. Babu aliweka kikombe mbele yangu, na kikalia. Ndiyo mara ya kwanza kusikia kikombe chake kikilia.

Kisha akaketi, kama nilivyomwambia.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua. Chai imepikwa na Mama.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua. Chai nimepika mimi. Ilikuwa na moshi. Babu aliinywa yote.

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua. Mama ameniambia: "Sijui umeambiwa nini na nani. Lakini huyo ndiye aliyekubeba mgongoni hadi hospitali ulipougua surua, na mabasi yalikuwa yamegoma. Hukumuuliza cheo chake." Halafu akaenda zamu. Ningependa anipige kuliko hivyo.

Nilidhani ninamkasirikia Babu kwa sababu ya uongo. Leo nimejaribu kuandika uongo wenyewe ni upi, neno kwa neno, kama ushahidi. Sikuupata. Sikumbuki hata siku moja Babu akisema, "Nilikuwa askari." Tulisema sisi.

Ijumaa, 28 Aprili

Jua kidogo saa nne, halafu mvua. Babu aliniita jikoni. Mama alikuwa kazini, na tulikuwa wawili. Mkebe ulikuwa magotini mwake.

"Nani alikuambia?"

"Fundi Mutisya wa Mbotela. Na kitabu. Hawakuniambia kuhusu wewe, Babu, waliniambia kuhusu vifungo tu."

"Walikuambia nini? Nataka kusikia kama wanajua kazi."

Nikamweleza kuhusu kitanzi na kamba iliyosokotwa. Alisikiliza akitikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha.

"Fundi huyo ni fundi," alisema. "Koti halikuwa na matundu mbele, ukitaka kujua. Wala hungeweza kulifunga hata kwa baridi. Na Muthaiga, mtaa wa Wazungu matajiri, kuna baridi. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoingia nyumba ile. Bwana alikuwa na ndege huyu kwenye vijiko, kwenye sahani, juu ya mlango. Sisi jikoni tulimwita Bwana Korongo. Wakati wa vita maofisa walikuja kwake likizo, kila wiki meza imejaa. Mimi nilisimama nyuma ya viti. Nilisimama miaka sita, Muhonja. Mtu aliyesimama nyuma ya kiti haonekani, kwa hiyo wanasema yote. Hata aliyelia kwa ajili ya mbwa alilia mbele yangu."

"Na nyumbani wakadhani..."

"Nilirudi na vifungo mfukoni. Vijana wa rika langu walikuwa wamerudi na vyeti na makoti ya jeshi. Watu wakaviona vifungo vyangu wakasema, Andati naye ametoka vitani. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Baba wa bibi yako alikuwa amekataa kumwoza kwa boi. Akamwoza kwa askari." Akakitoa kimoja, akakipumulia bila kufikiri. "Bibi yako nilimwambia mwaka ule ule. Alicheka siku mbili. Halafu akaniambia ninyamaze, baba yake asije akasikia."

Nikamuuliza kwa nini alivichukua.

"Bwana alipouza nyumba tuliambiwa, koti ni lako, vifungo virudi. Kila mtu akavikata, akavirudisha. Mimi nilirudisha koti." Akacheka peke yake. "Vilikuwa vyake, ndiyo. Lakini hakuwahi kuvisugua hata siku moja."

Nikamwomba msamaha kwa ile siku ya Pasaka. Alisema chai yangu ina moshi kwa sababu naweka sufuria kabla moto haujatulia. Nikamwambia nitapeleka pasi ya makaa ya Mama badala ya vifungo, na nitamwambia Mwalimu afute jina lake.

"Vifungo peleka," alisema. "Umevifanyia kazi."

"Na wewe utakuja?"

Akasema mvua inapungua. Haikuwa inapungua.

Jumanne, 2 Mei

Mvua. Shule imefunguliwa. Mwalimu alikuwa na watu mlangoni siku nzima. Sijamwambia.

Alhamisi, 4 Mei

Mvua. Nimeandika kadi mara sita. Sijamwambia Mwalimu.

Jumanne, 9 Mei

Mawingu mazito. Nilifika hadi mlango wa ofisi ya walimu. Mwalimu alikuwa akimwambia mwenzake, "Yule Muhonja, ndiye mwenye jicho la kazi hii. Siku moja mtamkuta ndani ya jumba la makumbusho." Nikarudi darasani. Nililitaka neno hilo libaki jinsi lilivyo, angalau siku moja zaidi.

Ijumaa, 12 Mei

Mvua. Sijamwambia. Kesho asubuhi mapema, kabla watu hawajaingia. Naapa.

Jumamosi, 13 Mei

Mvua ya manyunyu asubuhi, jua mchana. Ninaandika haya saa kumi na moja jioni.

Mwalimu hakuwapo mapema. Alikuwa amekwenda kutafuta viti. Alipofika ukumbi ulikuwa umejaa: akina mama wa kanisa, wafanyakazi wa reli waliostaafu, watoto wa mtaa mzima. Nilimvuta mkono nikasema, "Mwalimu, kuna jina kwenye orodha," naye akasema, "Baadaye, Muhonja, mkuu wa shule anakuja." Babu alikuwa ameingia, amevaa koti na tai ya buluu. Hakwenda mbele. Alisimama ukutani, karibu na meza ya chai, mahali ambapo hakuna mtu anayemtazama mtu.

Wazee saba walikuwa kwenye benchi. Njoki akapanda jukwaani na orodha. Nilijaribu kumpungia mkono, naye akanipungia pia akicheka.

"Mzee Tobias!" Akasimama na mguu wake mgumu, ukumbi ukapiga makofi. Jina la pili, makofi. La tatu. Nilihesabu. La nane.

"Mzee Andati!"

Hakuna aliyesimama benchini. Njoki akalirudia kwa sauti yake ya Buruburu. Vichwa vikageuka. Mzee Tobias alisema, bila ubaya, "Huyo ndiye ninayetaka kumwona. Batalioni gani?"

Nilikuwa karibu na meza yangu. Nilisema, "Ni kosa langu," lakini kwa sauti ndogo, na nadhani walionisikia ni vifungo tu.

Babu alitoka ukutani, akatembea mpaka katikati.

"Mimi sikuwa askari," alisema. "Mjukuu wangu alifikiri hivyo kwa sababu nilimwacha afikiri. Nilikuwa boi wa Muthaiga. Vifungo vile pale ni vya boi. Nyinyi mlipokuwa Burma, mimi nilikuwa nikiwapa maofisa wenu chakula."

Mtu fulani nyuma akapiga mluzi. Mwanamke mmoja akasema, "Aibu." Mama alisimama, sijui alitaka kufanya nini. Mzee Tobias alimgeukia Babu, akiwa bado ameegemea fimbo.

"Ulikuwa huko Krismasi ya arobaini na nne?"

"Nilikuwa."

"Sisi tulikuwa ng'ambo ya Chindwin. Biskuti zenye wadudu, siku tisa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Niambie. Walikula nini?"

Babu aliweka mikono nyuma, kama anavyosimama nyuma ya kiti changu.

"Walianza na supu ya mkia wa ng'ombe," alisema. "Ikafuata samaki, na mchuzi mweupe. Halafu bata mzinga wawili, viazi vya kuokwa, njegere. Meja mmoja alisema bata mkavu, akarudisha."

"Alirudisha!" alisema mzee mwingine wa benchini.

"Alirudisha. Mwisho tulizima taa, nikaingiza keki nyeusi ya matunda. Ikamwagiwa pombe. Ikawashwa moto."

"Waliwasha moto chakula?"

"Moto wa buluu. Mimi ndiye niliyewasha."

"Sisi," alisema Mzee Tobias, "tulikatazwa kuwasha moto hata wa chai. Siku tisa! Ati Wajapani wataona moshi!" Akaanza kucheka. Alicheka hata fimbo ikaanguka, na yule wa pili akacheka, na benchi zima, wazee saba wakishikana mabega, na ukumbi nao ukalipuka ingawa nusu yao hawakujua wanachokicheka. Kisha nikaona Mzee Tobias hacheki tena. Alikuwa akifuta uso kwa kofia yake.

"Njoo uketi," alimwambia Babu. "Hatujawahi kumpata mtu wa kumuuliza."

Walisogea. Babu aliketi mwishoni mwa benchi, na mimi ndiye niliyemletea chai. Nilikwenda upande wa kushoto. Kikombe kililia, lakini kidogo.

Baadaye Mzee Tobias alikuja mezani kwangu. Alisoma kadi taratibu, kwa kidole: *Vifungo vya shaba, vinane. London. Nembo ya ukoo, si ya jeshi. Vilivaliwa na wahudumu wa nyumba moja ya Muthaiga. Hivi vilisuguliwa na Andati, 1940 hadi 1946.* Akakiinua kimoja karibu na jicho.

"Kumbe ni huyu ndege," alisema. "Ndiye niliyempigania." Akamgeukia Babu. "Nipe kimoja."

Babu akamchagulia ambacho ndege bado ana shingo.

Nilifuta neno "vinane" nikaandika "saba". Mwalimu Ndindi hapendi kadi yenye neno lililofutwa. Alisimama mbele yake, nikamwambia kila kitu, hata siku niliyofika mlangoni nikageuka. Alisema angalipenda kusikia mapema. Kisha alisema kadi ibaki ilivyo.

Jumapili, 14 Mei

Mvua ya baridi. Baada ya kanisa Babu hakuzunguka ukuta wa uwanja. Alikata katikati ya soko la Burma na viatu vyake vizuri, Mama na mimi nyuma yake, hadi kwa Mzee Tobias. Mzee alikuwa akipakua supu huku amevaa koti lake la zamani. Amemshona ndege kwenye koti hilo, wa pili kutoka juu, kwa uzi mweusi.

Upepo ulipovuma akaweka upawa chini, akalifunga koti.